Boksi Liliandikwa 807: Miezi Minane Katika Chumba cha Vipuri vya Redio za Jeshi

Valvu, ile taa ya kioo inayokuza ishara ndani ya redio za zamani, iliyonifikia Nakuru mwezi wa Machi ilikuwa na pini 7. Boksi lake lilikuwa zuri, la karatasi ngumu ya rangi ya udongo, kona zake hazijabonyea hata moja, na ubavuni lilikuwa limepigwa chapa ya 807 kwa wino mweusi. Nilikuwa nimeisubiri kwa wiki 6, nimelipia usafiri, nimelipia ushuru wa forodha, na nilikuwa nimekwisha kumwambia Mama kule Kondele, mjini Kisumu, kwamba redio ya marehemu mumewe ingekamilika kabla ya Pasaka. Lakini 807 ina pini 5. Nilichokuwa nimekishika mkononi kilikuwa 1625, ndugu yake wa karibu mno, mwenye umbo lile lile la kioo na kofia ile ile ya chuma utosini, ila uzi wake wa kupashia joto unataka volti 12.6 badala ya 6.3, na kitako chake hakiingii katika soketi ya 807 hata ukilazimisha.

Sikumlaumu sana aliyeniuzia. Nilipomwandikia alinijibu siku hiyo hiyo, akaomba radhi, akaeleza kwamba alinunua shehena nzima ya maboksi kutoka bohari iliyofungwa, akayaorodhesha kama yalivyoandikwa, na hakufungua hata moja. Maelezo yake yalinichoma kwa sababu nyingine kabisa. Jioni ile nilichukua daftari langu mwenyewe, lile ambalo nilikuwa nimelijaza kwa miezi mitatu nikiorodhesha chumba cha vipuri alichokiacha mumewe Mama, nikalipitia ukurasa baada ya ukurasa, nikaona kwamba zaidi ya nusu ya mistari yangu ilikuwa imetoka kwenye maboksi, si kwenye vipuri. Kosa alilolifanya yeye kwa boksi moja, mimi nilikuwa nimelifanya kwa chumba kizima. Nikalianza daftari upya kutoka ukurasa wa 1, na kazi ambayo nilidhani ingechukua miezi minne ikachukua minane.

Kwa miaka 22 nilikuwa karani wa bohari katika karakana ya redio hapa Nakuru. Tulitengeneza redio za mawasiliano za mashamba ya Njoro na Bahati, za malori ya masafa marefu, na za misheni zilizokuwa mbali na laini yoyote ya simu. Fundi wa Kondele, ambaye humu nitamwita Mzee kwa sababu ndivyo nilivyomwita akiwa hai, alikuwa mteja wetu na zaidi ya hapo mwalimu wangu. Alijifunza kazi jeshini, katika mawasiliano, kisha akastaafu mapema na kufungua kibanda chake Kisumu. Kipuri ambacho karakana yetu haikuwa nacho, tulimpigia yeye. Aghalabu alikuwa nacho, na aghalabu ilimchukua siku mbili kukipata ndani ya chumba chake mwenyewe.

Alipofariki, mjane wake alinipigia simu. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amefika na mizani, ameuangalia mlango wa kile chumba, na ametaja bei kwa kilo. "Mwanangu," Mama aliniambia, "mimi sijui ni nini kilichomo, ila najua kwamba mzee hakukiweka kwa kilo." Nilimwomba amwambie yule bwana arudi baada ya Krismasi. Hadi leo hajaitwa.

Jambo la kwanza nililolifanya halikuwa kuhesabu. Nilimwomba Mama faili zote za karatasi, kwa sababu vifaa vya jeshi si kama masufuria: vipo vinavyoweza kuwa mali ya mtu binafsi, na vipo ambavyo haviwezi, hata kama vimekaa kabatini kwa miaka 30. Kwa bahati njema Mzee alikuwa mtu wa kutunza risiti. Hati za minada zilikuwemo, barua za wakulima waliomuuzia mitambo yao ya zamani zilikuwemo, na stakabadhi za forodha za vile alivyoviagiza nje zilikuwa zimebanwa pamoja kwa waya. Kila kitu kilichokosa karatasi nilikiweka peke yake katika sanduku lililofungwa, na sikukiorodhesha kwa ajili ya mtu yeyote kabla Mama hajapata ushauri wa wakili. Vilevile niliamua tangu mwanzo kwamba hakuna redio ndani ya chumba kile itakayorusha mawimbi, kwani kumiliki mtambo ni jambo moja na kuurusha hewani ni jambo jingine, linalohitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo vijana wanaoniandikia wakitaka kuanza ukusanyaji kama huu, na wengi huanza na kinachong'aa. Anza na faili.

Baada ya karatasi ndipo nambari.

Kipuri cha jeshi kinaweza kubeba nambari tano au sita tofauti juu ya mwili wake, na kila moja ina kazi yake. Iliyo muhimu kuliko zote kwa vifaa vya nchi za Magharibi ni nambari ya bohari ya NATO, yenye tarakimu 13. Chukua 5820-00-930-3724, ambayo ni nambari ya redio ya mgongoni ya Marekani iitwayo AN/PRC-77. Tarakimu 4 za kwanza ni za jamii ya kitu: 5820 ni vifaa vya mawasiliano ya redio visivyo vya ndege. Laiti ingekuwa 5821, ungekuwa umeshika kitu cha ndege. Vipokea sauti na maikrofoni viko 5965, viunganishi vya umeme 5935, antena 5985, valvu 5960, kapasita 5910. Tarakimu 2 zinazofuata ni za nchi iliyokisajili kipuri: 00 na 01 ni Marekani, 99 ni Uingereza, 21 ni Kanada. Tarakimu 7 za mwisho hazina maana yoyote. Narudia kwamba hazina maana, kwa sababu nimewaona watu wenye akili wakikesha wakitafuta mpangilio ndani yake. Ni namba za foleni tu, kama zile unazopewa hospitalini.

Hapo Mzee mwenyewe alikuwa amekwama. Katika orodha yake ya zamani alikuwa na mstari wa 5820-930-3724 na mstari mwingine wa 5820-00-930-3724, kila mmoja na rafu yake, kana kwamba ni vitu viwili. Ni kitu kimoja. Kabla ya mwaka 1974 Wamarekani walitumia nambari ya tarakimu 11, isiyo na nafasi ya nchi. Mwaka huo walipohamia mfumo wa tarakimu 13, nambari zao za zamani zilitiwa 00 katikati. Kwa hiyo kibandiko kilichochapwa mwaka 1968, redio hiyo ilipoingia kazini kuchukua nafasi ya AN/PRC-25, na kibandiko kilichochapwa mwaka 1980 vinaweza kukaa juu ya vitu viwili vilivyo sawa kabisa na kukufanya ununue usichokihitaji. Nilipounganisha mistari ya namna hii, orodha ya Mzee ilipungua kwa karibu robo bila kutoa hata skrubu moja chumbani.

Kosa langu mimi lilikuwa la aina nyingine. Katika mwezi wa kwanza nilikutana na nambari 81349 kwenye kiunganishi kimoja, nikaiandika kama nambari ya kipuri. Siku ya pili nikaikuta kwenye kapasita. Siku ya tatu nikaikuta kwenye rezista tatu zisizofanana. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa na vitu 14 tofauti vyenye jina moja, na bado nilikuwa naandika, kwa kuwa mkono ukishazoea kunakili huacha kuuliza. Ile tarakimu 5 haikuwa nambari ya kipuri. Katika mfumo wa Marekani kila mtengenezaji, na kila ofisi inayotoa michoro na viwango, amepewa alama ya herufi au tarakimu 5. 81349 haimtaji mtengenezaji yeyote, bali husema kwamba kitu kimetengenezwa kufuata kiwango cha kijeshi kilichoandikwa pembeni yake. Nambari yenyewe ya kipuri ilikuwa mstari wa chini, kwa maandishi madogo, ambayo sikuyasoma kwa sababu miwani yangu ilikuwa Nakuru. Sasa miwani inakaa Kondele, na lenzi ya kukuzia imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza.

Nambari zinaweza kuwa nyingi kwa kitu kimoja, na hapo ndipo 807 inaporudi. Wamarekani katika jeshi lao waliiita VT-100. Jeshi la Uingereza liliiita ATS25. Baadaye majeshi yote ya Uingereza yalipokubaliana kuwa na orodha moja ya valvu, ikapewa CV124. Majina manne, valvu moja, na ukiwa na kitabu kimoja tu utaamini kwamba unakosa tatu. Ndugu yake, 1625, aliitwa VT-136. Kwenye vifaa vya Uingereza utaona pia ule mshale mpana wenye ncha tatu, alama ya mali ya serikali, na kwenye vya Kanada mshale huo huo ukiwa umekaa ndani ya herufi C. Alama hizo hazikuambii kipuri ni nini, lakini hukuambia ukatafute katika kitabu cha nani, na kwa mtu aliyekaa mbele ya sanduku lenye vipande 300 hiyo ni nusu ya safari.

Kuna majina mengine ambayo hayamo katika kitabu chochote, nayo ndiyo yaliyonigusa zaidi. Mzee alikuwa amebandika vipande vya plasta nyeupe juu ya masanduku yake na kuandika kwa Kiswahili. Kipokea sauti cha mkononi aliita "sikio". Kebo yoyote ilikuwa "mkia", ikifuatwa na idadi ya pini: mkia wa 5, mkia wa 6, mkia wa 12. Kristali, inayoishikilia redio katika masafa yake, ilikuwa "kokwa". Swichi ya kuchagulia masafa aliiita "shingo", na mwanzoni sikuelewa kwa nini, mpaka niliposhika moja na kuigeuza kwa vidole viwili. Mama aliniambia kwamba baadhi ya maneno hayo Mzee aliyapata kwa mjomba wake, aliyekuwa askari wa King's African Rifles na kupelekwa Burma wakati wa vita vikuu vya pili. Siwezi kuthibitisha neno moja moja lilitoka wapi. Ninachokijua ni kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya kambini katika jeshi lile, wakiwemo Wajaluo, Wakamba, Wanandi, Wayao na wengineo wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja, na kwamba watu waliokabidhiwa mitambo ya redio hawakungoja kamusi ije kuwapa majina ya sehemu zake.

Kwa hiyo daftari jipya lina safu ya jina la Mzee. Nilishauriwa na rafiki mmoja niiache, kwa hoja kwamba mnunuzi wa ng'ambo haihitaji. Mnunuzi wa ng'ambo na aiache yeye.

Safu zenyewe ni hizi, na nazieleza kwa sababu ndani yake ndimo kazi yote ilimo. Ya kwanza ni nambari yetu wenyewe, inayoanzia 1 na isiyorudiwa hata kipuri kikitoka. Inafuata safu ya yaliyoandikwa juu ya kipuri, herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake, pamoja na nukta, na pale penye herufi iliyofutika tunaacha mstari mfupi badala ya kukisia. Halafu yaliyoandikwa juu ya boksi, katika safu iliyo mbali na ile ya kipuri kwa makusudi. Kisha vipimo kwa milimita, idadi ya pini, uzito ikiwa ni kitu kizito, hali, na rafu. Hizo zote huandikwa kwa kalamu ya wino. Safu ya mwisho inaitwa "dhana", na humo huandikwa kwa penseli peke yake: tunadhani kitu hiki ni nini, na kwa nini tunadhani hivyo. Penseli ikithibitishwa na kitabu au na kipimo, ndipo jina linahamia kwenye wino. Leo kuna mistari 1,164, na 43 kati ya hiyo bado iko katika penseli. Hainisumbui. Hiyo 43 ndiyo mistari ninayoiamini kuliko yote, kwa kuwa inasema wazi mpaka wa ninachokijua.

Msaidizi wangu alikuwa mjukuu wa Mzee, kijana wa kidato cha tatu, ambaye wakati wa likizo alikaa nami kila asubuhi. Yeye alisoma, mimi nikaandika. Tuligundua upesi kwamba anayesoma hatakiwi kujua mengi. Mimi nikisoma, jicho langu linaona "80" na kichwa kinamalizia "7". Yeye alisoma alichokiona. "Shangazi, hapa pana nane, sifuri, halafu kitu kama mkwaruzo." Basi tunaandika nane, sifuri, mstari mfupi.

Suala la kufungua maboksi lilileta ubishi mkubwa zaidi. Boksi la kijeshi ambalo halijafunguliwa tangu kiwandani lina thamani kwa wakusanyaji, na wapo wanaolipa zaidi kwa ajili ya gundi isiyoguswa kuliko kwa kilicho ndani. Mama alikuwa na haki ya kupata bei hiyo. Lakini katika chumba cha fundi aliyefanya kazi kwa miaka 40, boksi ni chombo cha kubebea: valvu mbovu inachomolewa, mpya inaingizwa, na ile mbovu inarudishwa katika boksi la mpya ili isivunjike njiani. Nilimweleza Mama hivyo, akakubali tufungue kila boksi ambalo gundi yake imewahi kuguswa, na yale machache yaliyofungwa kweli kweli tuyaandike "halijafunguliwa" bila kusema lolote juu ya kilichomo.

Ukurasa wa 9 wa daftari la zamani ulikuwa na mstari huu: "1625, maboksi 6, hali nzuri." Tulikaa dirishani tukayafungua. Boksi la kwanza, 1625. La pili na la tatu vivyo hivyo. La nne lilikuwa na skrubu ndogo za shaba zilizofungwa katika kipande cha gazeti. La tano, 1625, lakini ule mng'ao wa fedha ndani ya kioo ulikuwa umegeuka mweupe kama maziwa, ishara kwamba hewa imeingia na valvu imekufa. La sita kijana alilifungua, akaitoa valvu, akaipindua kichwa chini kwenye mwanga, akahesabu kwa ncha ya kidole. Tano. Akahesabu tena. Tano. Juu ya kitako, kwa maandishi yaliyokuwa yamefifia kiasi kwamba yalionekana tu ukiipumulia kioo pumzi, palisomeka 807.

Nilikuwa nimelipa fedha za Mama, nimengoja wiki 6, na nimeagiza nchi ya mbali kitu kilichokuwa rafu ya tatu, upande wa kushoto, mita mbili kutoka nilipokuwa nimeketi nikiandika barua ya kukiagiza. Nilimlipa Mama fedha zile kutoka mfukoni mwangu, ingawa hakuzitaka.

Vipokea sauti vilikuwa kazi nyepesi na ya kupendeza. Vya Marekani vya aina ya H-189/GR vina kiunganishi cha mviringo chenye migusano 5, iliyopewa herufi A hadi E. A ni ardhi, B ni sauti inayoingia sikioni, C ni kitufe cha kusemea, D ni maikrofoni. Unaweka mita kati ya A na C, unabonyeza kitufe, na sindano inapaswa kuruka hadi sifuri. Unagusa A na B, na sikioni unasikia mkwaruzo mdogo kama wa panya kwenye karatasi. Kati ya vipokea sauti 19, 12 vilijibu. Vya Uingereza, vya mfumo wa Clansman, vina pini 7 na haviingiliani na vile vya Marekani, jambo ambalo picha za mtandaoni hazilionyeshi kwa sababu wauzaji hupenda kupiga picha sehemu ya mdomo na sikio, na kukiacha kiunganishi nje ya picha.

Hewa ya Kisumu ni adui wa kimyakimya. Nakuru iko kwenye takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mipira ya kuzuia maji niliyoihifadhi huku kwa miaka 20 bado inapindika; Kondele, karibu na ziwa, mipira ya umri huo huo ilikuwa imekuwa utomvu. Baadhi ya mitambo ya zamani ya Marekani ilikuwa na chapa ya herufi MFP na tarehe pembeni. Ni alama ya kwamba sehemu za ndani zilipakwa vanishi ya kukinga unyevu na ukungu, hatua waliyoichukua wakati wa vita walipoona mitambo yao ikioza katika nchi za joto. Kila chenye chapa hiyo kilikuwa safi ndani kuliko majirani zake. Sisi tulitumia vifuko vya silika ndani ya ndoo za plastiki zenye mifuniko ya kubana, na kila mwezi kijana huvikausha juu ya jiko.

Lipo jambo moja ambalo sitaki msomaji alipite haraka. Mita na piga za zamani zilizong'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'ao wake hufa baada ya miaka kadhaa, kwa sababu ile kemikali inayotoa mwanga huchoka, na watu hudhani basi hatari nayo imekwisha. Radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Piga iliyokufa mwanga ina hatari ile ile, na unga wake ukikwanguliwa na kuvutwa puani ni balaa. Tulipata mita 5 za namna hiyo. Tulizifunga kila moja katika mfuko wake bila kuzifungua kioo, tukaandika onyo pande zote, tukazitoa nje ya chumba ambamo watoto hufika. Vivyo hivyo kapasita kubwa za mafuta za miaka ya zamani, ambazo mafuta yake yana sumu, na ile keramiki nyeupe iliyo ndani ya baadhi ya transista za nguvu, ambayo haipaswi kuvunjwa wala kupigwa tupa kwa hali yoyote.

Kuhusu kutafuta vipuri, watu hudhani kila kitu kiko ng'ambo. Kwa uzoefu wangu, mahali pa kwanza ni kwa wanunuzi wa chuma chakavu, Kibuye mjini Kisumu na hapa Nakuru. Wao hupanga kwa madini: shaba huku, alumini kule. Kiunganishi kizuri cha kijeshi huishia katika lundo la shaba, kwa sababu mizani haijui kusoma. Nimewaachia mafundi watatu karatasi yenye michoro ya ukubwa halisi, ili mtu aweke kipande juu ya mchoro na kuona kama vinalingana, bila kulazimika kusoma Kiingereza wala nambari. Ninawalipa zaidi ya bei ya kilo, na ninawalipa hata wanaponiletea kisicho chenyewe lakini kinachofanana, kwa sababu wamefunga duka na kupanda bodaboda kwa ajili yangu. Njia hii imenipa viunganishi 8 kwa mwaka, zaidi ya nilivyopata kwa barua pepe.

Kwa muuzaji wa mbali nina masharti. Anipigie picha ya kitako cha kipuri, si ya boksi. Ahesabu pini na kuniandikia idadi. Aweke rula pembeni. Akisema kimejaribiwa, aniambie kimejaribiwa vipi. Wengine hukasirika, na hao ninawashukuru na kuachana nao. Aliyeniuzia ile 1625 hakukasirika; aliyapitia maboksi yake yote, na wiki iliyopita ameniandikia kwamba kati ya 40, maboksi 11 yalikuwa na kitu kisicho kile kilichoandikwa.

Redio ambayo haya yote yalizunguka ni Wireless Set No. 19, mtambo wa vifaru wa wakati wa vita, uliotengenezwa Kanada, wenye masafa ya megahezi 2 hadi 8 upande mmoja na redio ndogo ya mawasiliano ya karibu upande wa pili. Uso wake una maandishi ya Kiingereza na chini yake ya Kirusi, kwa sababu mitambo hiyo ilitengenezwa pia kwa ajili ya kuwasaidia Warusi, na mingine ikabaki mikononi mwa majeshi ya Uingereza na washirika wake. Mzee aliipata kwa mkulima upande wa Kitale, na kijana sasa anazisoma zile herufi za Kirusi moja moja. Ile 807 imo ndani yake. Soketi imesafishwa, kapasita za karatasi zimebadilishwa, na mashine yake ya kuzalisha umeme kutoka betri ya volti 12 inazunguka bila kulia.

Kinachokosekana ni kebo fupi ya kuunganisha redio na kitengo chake cha umeme. Plagi yake ni ya mviringo, ya chuma, yenye pini 12. Katika daftari ni nambari 1,165, mstari wa pekee ulio na jina na usio na kitu: safu ya kipuri tupu, safu ya boksi tupu, vipimo nimevichukua kutoka kwenye soketi inayoisubiri, na katika safu ya jina la Mzee pameandikwa "mkia wa 12". Sanduku lenye plasta ya jina hilo tulilikuta rafu ya juu kabisa, nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na mikia ya 6.